Mpangilio wa sifa za Kiingereza uanzie Mwanjelwa

Mwezi wa sita Mbeya ni baridi ya kuingia mifupani, na wauza mitumba wa Mwanjelwa wanalijua soko lao. Juzi nilimsikia kijana mmoja akinadi: "Sweta la sufu hilo mama, jekundu, kubwa, zuri!" Nikasimama. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, na somo la wiki hii, mpangilio wa maneno ya sifa (vivumishi) yanapoandamana na nomino, ni lilelile alilokuwa akilipigia kelele.

Anzia mwisho wa maneno yake urudi nyuma: "a nice big red woollen sweater". Hakuna hata neno moja la kuhamisha.

Shuleni tunawapa watoto herufi nane, OSASCOMP, wazikariri, kila moja ikiwa ya kwanza ya neno la Kiingereza linalotaja aina ya sifa: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kilichotumika kutengenezea, kazi ya kitu. Wanazitaja bila kukwama, kisha kwenye mtihani wanaandika "a red big sweater". Nami niliwahi kukatwa maksi kwa kosa hilo. Pembeni mwalimu aliandika "mpangilio" kwa wino mwekundu, basi. Miaka mingi nikaamini Waingereza walijipangia tu.

Sababu ipo. Kinachoganda na nomino ni kile ambacho ukikitoa, kitu chenyewe kinageuka kingine. "Cooking pot" haitenganishwi, kama sisi tunavyotamka chungu cha kupikia kwa pumzi moja. Sufu ndiyo sweta lenyewe. Wekundu nao unaonwa na kila mtu. Ukubwa unategemea nani analivaa. Na uzuri? Huo ni wa mnunuzi, ndiyo maana neno lake linakaa mbali kabisa na nomino. Kiingereza hutanguliza sifa, Kiswahili huzifuatisha. Ujirani ni uleule, upande ndio umegeuka.

Najua Kiswahili hakibani hivyo. "Sweta kubwa jekundu la sufu" ni Kiswahili safi pia, na walimu wenzangu watanikumbusha. Sawa kabisa. Lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akafika sekondari akakuta karibu kila somo ni Kiingereza, ana haki ya kuanzia kwenye anachokijua. Kumpa herufi nane peke yake ni kumnyima.

Sweta nimelinunua. Kesho naliweka juu ya meza, wanafunzi watalinadi kwanza kwa Kiswahili, ndipo tufungue madaftari.