Haukuwa Msumari, Ilikuwa Sindano

Kwa kuwa swahiba wangu mmoja amekwisha kuisambaza habari hii katika makundi yasiyopungua matatu, na kwa kuwa katika usimulizi wake mimi ninaonekana nikikitoboa kishikwambi kwa msumari wa inchi nne mbele ya wazee wa ukoo, nimeona ni haki yangu kuieleza mwenyewe ingali ya moto. Haukuwa msumari. Ilikuwa sindano ya kushonea, tena niliiomba kwa adabu.

Harusi ya mdogo wangu mnaijua, na mnajua pia kwamba katibu wa kamati nilikuwa mimi. Kishikwambi chenyewe ni kile kile mlichozoea kunicheka nacho, Nexus 7 cha mwaka 2013, chenye kioo cha inchi saba. Wala si katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kama alivyowahi kudai mmoja wenu akitaka nikirudishe serikalini. Toleo la mwisho la Android kililolipokea rasmi lilikuwa 6.0.1, na tangu hapo kimeishi kama mstaafu ambaye mafao yake hayajulikani yalipo. Kulifungua jedwali la michango ya harusi kulichukua muda wa kuchemsha chai, na kulisogeza mpaka chini, ambako wadaiwa sugu huwa wamejificha, kulichukua muda wa kuinywa.

Dawa niliijua siku nyingi, nayo ni Ubuntu Touch, mfumo endeshi wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya simu na vishikwambi. Kampuni ya Canonical iliutangaza Januari 2013, ikautupa mkono mwaka 2017, na jumuiya ya watu wa kujitolea inayoitwa UBports ikauokota na kuulea. Kishikwambi cha aina yangu kimo katika vifaa walivyoviandalia. Mtu mwenye kifaa kilichotelekezwa akisikia habari za mfumo uliotelekezwa kisha ukaokotwa, moyo wake hulainika. Wangu ulilainika Alhamisi saa tano usiku, siku mbili kabla ya kikao, saa ambayo mtu mwenye akili timamu anakuwa amekwisha kupiga mswaki.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu swahiba amelificha jambo hili kwa makusudi: mimi nilihifadhi nakala. Sikuwa mzembe. Nilifungua programu ya kusimamia mafaili, nikaiona folda iliyoandikwa "sdcard", nikaelewa kwamba ndiyo kadi ya kumbukumbu, nikalinakili humo jedwali zima la michango, nikalinakili mara ya pili kwa jina jingine ili roho itulie kabisa. Nilijiambia kwamba hata kishikwambi kikiungua kikawa majivu, mimi nitaichomoa kadi yangu na kuondoka nayo. Sikujiuliza ni lini niliwahi kuinunua kadi hiyo, wala iliingilia wapi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utamu wa kutia mashaka. Ili kifaa kikuruhusu kucheza na viungo vyake vya ndani, unaingia kwenye mipangilio, unaitafuta nambari ya toleo na kuigonga mara saba, nacho kinakujulisha kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Vijana wanakaa Chuo Kikuu cha Dodoma miaka mitatu na zaidi wakiitafuta sifa hiyo. Mimi niliipata kwa kidole kimoja, nimejifunika blanketi kwa ajili ya baridi ya Julai. Nikakizima kishikwambi, nikakiwasha kwa kubana kitufe cha umeme pamoja na kile cha kupunguza sauti, nikakiunganisha na kompyuta mpakato kwa waya, nikatoa amri ya kufungua kufuli la butiloda, ile programu ndogo inayouamsha mfumo kifaa kinapowashwa.

Onyo likatokea, na nakiri kwamba nililisoma. Lilisema kwamba ukifungua kufuli hilo, data zako zote binafsi zitafutwa, ili mtu asiye mwenyewe asije akazifikia. Nikatabasamu kama mtu aliyekata bima. Nikakipeleka kichaguzi kwenye "ndiyo" kwa kitufe cha sauti, nikabonyeza kitufe cha umeme. Tangu usiku ule, kila kishikwambi kinapowaka, kikufuli kidogo kilicho wazi huonekana kwanza chini ya neno Google, nami nikikitazama nahisi kinanicheka.

Mamia ya megabaiti ya bando langu yakateketea. Kufikia saa nane na dakika kumi, Ubuntu Touch ilikuwa imesimama. Ukitelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto, programu zinajitokeza kwa mstari kama wanakwaya wanaoingia kanisani, na kile kibabu changu kilikuwa chepesi kuliko nilivyokijua kwa miaka. Nilifungua folda ya nyaraka nikaikuta tupu, nikafungua ya picha nikaikuta tupu, nikajisemea kwamba ni wazi kadi bado haijasomwa, na kwamba nitaichomoa nikiwa na utulivu. Ijumaa sikuwa na utulivu. Jumamosi ikafika.

Kikao kilikuwa Ipagala, hapa Dodoma, uani kwa baba mkubwa, saa kumi alasiri, chini ya mwarobaini. Viti vya plastiki vilipangwa nusu duara, karanga na juisi ya ubuyu vilikuwa vimekwisha kupita, na upepo ulikuwa unatugawia vumbi bila upendeleo. Baba mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, akafungua kwa "Mbukwenyi", tukaitikia, kisha akaagiza katibu asome majina ya watu ambao hawajatimiza ahadi zao. Ningeweza kusema kwamba orodha nimeisahau nyumbani. Ninyi mnaoniandikia kunishauri hivyo, mngenishauri Jumamosi.

Badala yake nilisimama, nikatoa hotuba. Niliwaeleza wajumbe kwamba kiini cha Linux ndicho hicho hicho kilichomo ndani ya Android, hivyo wasiogope, ni ndugu wa damu. Niliwaeleza kwamba Ubuntu ni neno la wenzetu wa kusini mwa Afrika, na kwamba sisi tunalo hilo hilo, tunasema utu. Nilimgeukia hata shemeji yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye mweka hazina, nikamkumbusha kwamba kikao kilichopita nilimshauri aachane na kaunta buku yake kwa sababu karatasi huliwa na mchwa. Shemeji alitikisa kichwa kwa upole, akaziweka vizuri khanga zilizokuwa mapajani mwake. Nilipaswa kuutilia shaka upole ule.

"Sasa," nikasema, "naichomoa kadi."

Nikakigeuza kishikwambi. Upande wa kulia kulikuwa na kitufe cha umeme na kile cha sauti. Chini kulikuwa na tundu la chaji. Juu kulikuwa na tundu la spika za masikioni. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, palikuwa laini kama shavu la mtoto. Nikakigeuza tena, safari hii taratibu, kama mtu anayemkagua mbuzi mnadani, na matokeo yakawa yale yale. Nikapitisha ukucha pembezoni. Nikapuliza vumbi. Nikatoa maelezo kwamba watengenezaji wa vifaa hivi huficha sehemu ya kadi kwa sababu za kiusalama, maneno ambayo sijui yalitoka wapi, lakini yalitoka kwa sauti ya kujiamini mno.

Kisha nikakiona kitundu. Kilikuwa kidogo sana, cha ukubwa wa kichwa cha pini, na kwa kuwa sote tunajua kwamba trei ya laini katika simu za kisasa hufunguliwa kwa kuchoma kitundu cha namna hiyo, moyo wangu ulirudi mahali pake. Shangazi alikuwa ameketi karibu yangu akitarizi kitambaa cha kochi. "Samahani, shangazi, naomba sindano mara moja." Akanipa ikiwa na uzi wake mwekundu, kwa sababu hakuona sababu ya kuutoa, nami sikuona sababu ya kumsumbua.

Nikachoma. Hakuna kilichotoka. Nikachoma kwa nguvu zaidi, nimeuma ulimi, huku uzi mwekundu ukining'inia na kupepea katika upepo kama kibendera cha fundi anayechimba barabara. Watu waliokuwa wanatafuna karanga waliacha kutafuna. Nilikuwa ninaisikia sindano ikikwaruza kitu kilaini huko ndani, na jasho, katika baridi ile, lilikuwa linashuka mgongoni tone moja moja, nami ninayahesabu.

"Baba mdogo," akasema mtoto wa shemeji, ambaye ana miaka kumi na mitatu na ambaye hakuna aliyemwalika kwenye kamati, "hicho ni kipaza sauti."

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu mzima anayempima mtoto, kama yeye anajua kadi iko wapi.

"Hakina sehemu ya kadi, baba mdogo. Hiyo sdcard ni jina la folda tu. Ni humo humo ndani."

Baadaye nimethibitisha kwamba mtoto alisema kweli tupu. Zamani simu za Android zilikuwa na kadi hasa mahali hapo. Kadi ikaondolewa katika vifaa vingi, jina likabaki ili programu zilizozoea kulitafuta zisipotee njia. Programu hazikupotea njia. Nilipotea mimi. Nilichokuwa nimefanya ni kuzitoa pesa mfuko wa kushoto, kuzihifadhi mfuko wa kulia wa suruali ile ile, kisha nikaichoma moto suruali.

Ukimya ulikaa mpaka bibi, ambaye tulidhani amesinzia, aliposema neno moja tu: "Idodomya."

Ninyi msio wa huku, hilo ni neno la Kigogo, maana yake ni kwamba kitu kimezama, na ndilo tunaloambiwa lilizaa jina la Dodoma, kutokana na tembo aliyedidimia matopeni. Tembo wangu alikuwa na majina sitini na mawili, na ahadi zao.

Baba mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ulisema Ubuntu maana yake utu?" Nikaitikia kwamba ndiyo, mzee. "Sasa ni utu gani huu wa kufuta michango ya watu?"

Jambo moja nililigundua katika dakika zile, na ninaliandika kwa kuwa swahiba hakuliandika. Waliokuwa wamelipa walinuna. Waliokuwa hawajalipa ndio waliokuja kunishika bega mmoja baada ya mwingine, wakinipa pole za dhati, wakiniambia kwamba teknolojia ndivyo ilivyo, kwamba nisijilaumu, na mmoja akaniongezea juisi ya ubuyu kwa mkono wake mwenyewe. Wawili walikumbuka papo hapo kwamba walilipa tangu Mei.

Yaliyofuata hayana haja ya kurefushwa. Shemeji alizifunua khanga zake, akaitoa kaunta buku, akaifungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma. Ilikuwa mapajani mwake muda wote. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuitoa kabla sijaomba sindano, alijibu kwamba hakutaka kumkatisha katibu hotuba yake. Ukatibu amepewa mwanawe, mimi nimehamishiwa maturubai na viti. Kishikwambi kinafanya kazi vizuri sana, isipokuwa kwamba ukirekodi sauti unasikika kama mtu anayezungumza kutoka ndani ya gunia la mtama, na sindano ya shangazi nimemnunulia nyingine, kwa sababu ile ilipinda.

Ama swahiba wangu wa msumari, yule aliyenishika bega kwa muda mrefu kuliko wote na kuniambia nisijilaumu, jina lake liko ukurasa wa nne wa kaunta buku, mstari wa saba kutoka juu: ahadi ni laki moja na nusu, na safu ya malipo ni tupu. Shemeji ameniruhusu kupiga picha ukurasa huo.