Mmeorodhesha vyeo, kazi mmeiacha

Kila tanzia ya Profesa Bethwell Allan Ogot, mwanahistoria wa Kenya aliyefariki Januari 2025 akiwa na miaka 95, ina orodha ile ile: Makerere, St Andrews, London, Nairobi, kamati ya UNESCO, Mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi. Utadhani marehemu alikuwa kabati la vyeti.

Kazi yenyewe ni kitabu chake cha 1967 kuhusu Waluo wa kusini, tangu 1500 hadi 1900. Karne nne, karibu zote hazina karatasi. Ilibidi awaulize wazee.

Na hapo ndipo penye jasho. Mzee anakutajia mababu 12. Ukikadiria kizazi miaka 25, unarudi miaka 300; ukikadiria 30, unafika 360. Miaka 60 inaning'inia na hujaandika sentensi hata moja! Basi unakwenda ukoo wa pili, wa tatu, hata kwa mahasimu wao, ukisaka vita au njaa inayotajwa na pande zote; hapo ndipo pa kufunga fundo. Majina ya mwanzo na ya juzi hudumu, ya katikati hudondoka, babu na mjukuu wakageuka baba na mwana. Ukoo uliotawala hujiongezea mababu. Jodak, waliopokewa kwenye ardhi ya watu, pengine hujishonea nasaba ya wenyeji. Ukiwahoji wazee kwa pamoja, mwenye sauti kubwa anawajibia wote. Na siku hizi mzee anaweza kukusimulia kwa ufasaha wa ajabu, kumbe anakariri kitabu alichosomewa na mwanawe.

Haya, nakubali: nasaba zinazohesabu baba tu huwaacha wanawake nje, na historia ya uhamaji ikimwangukia mwanasiasa hugeuka hatimiliki. Lakini mwenye kulalamika aje na daftari lake.

Mhadhiri wa leo ana rundo la mitihani ya kusahihisha, na kupanda daraja ni kwa kuhesabiwa makala. Miaka miwili vijijini humpa kitabu kimoja. Nani atakwenda?

Msinitajie jengo la kumuenzi. Mpeni mwanafunzi mmoja nauli, kinasa sauti na mwaka mzima. Kila rekodi iwe na jina la msimulizi, ukoo wake, mahali na tarehe, na nakala ibaki maktaba, si kwenye simu ya mtu.