Daraja la kuzunguka pale Ruzizi? Limpishe nani?

Ile picha imerudi tena kwenye vikundi vya WhatsApp vya Bukavu: daraja la chuma limegeuka likafuata mto, boti inapita kando yake, na chini pameandikwa kwamba na siye tujengewe kama hilo Ruzizi ya Kwanza, pale tunapovukia mto kwenda Rwanda. Makofi, mioyo, vidole gumba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni boti gani itakayopita.

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Huo ni mteremko wa karibu mita 700 katika safari ya kilomita 120 hivi, mawe na maporomoko njiani, na bwawa la umeme limeziba njia tangu miaka ya 1950. Meli zetu zinakwenda kisiwa cha Idjwi na Goma, ziwani, upande wa pili kabisa. Kinachoelea na kupita chini ya daraja letu ni chupa za plastiki. Tuzifungulie daraja?

Daraja la kuzunguka halijengwi kwa ajili ya urembo. Newcastle, kule Uingereza, walijenga lao mwaka 1876 kwa sababu kiwanda cha silaha cha Armstrong kilikuwa upande wa juu wa mto na meli kubwa zilihitaji kukifikia. Taranto, kule Italia, walijenga lao mwaka 1887 kwa sababu ya meli za jeshi. Daraja lilifuata meli.

Tena si daraja tu, ni mashini. Kipande kizima kinakaa juu ya nguzo moja katikati ya mto, kwenye mhimili, na pembeni mwa mhimili kuna magurudumu madogo ya kukizuia kisiyumbe. Kulifungua kuna utaratibu wake: kengele, vizuizi vya barabarani vishuke, daraja libaki tupu, kabari za miisho zivutwe, komeo litolewe, ndipo mota izungushe magurudumu ya meno na kipande kigeuke nyuzi 90. Kabari hizo ndizo roho ya daraja. Likiwa wazi, miisho yote miwili inaning'inia hewani na kushuka kidogo kwa uzito wake, kwa hiyo likirudi lazima kabari ziingie na kuinyanyua. Zisipoingia sawasawa, lori likikanyaga mwisho huu, ule mwingine unainuka, kisha unarudi kugonga ukuta. Gari baada ya gari, nyundo baada ya nyundo, mpaka zege la chini linapasuka.

Halafu jua. Chuma cha mita 100 kikipanda joto kwa nyuzi 25 kinarefuka milimita 30, na mwanya wa mwisho wa daraja hauna ukarimu huo. Julai 2024 daraja la Third Avenue la New York, linalounganisha Harlem na Bronx, lilifunguka likagoma kufunga kwa sababu ya joto, na boti zikaletwa kulimwagia maji. New York, yenye pesa zake zote! Wenyeji walizungukia madaraja mengine, kwa sababu wanayo mengi pale Harlem River. Sisi likigoma, mtu wa mtaa wa Nguba, jirani na daraja, aende kuvukia mpaka wa mbali wa Ruzizi ya Pili? Na mama mwenye beseni la nyanya, ambaye mtaji wake ni wa siku moja, angoje chuma kipoe?

Haya, ni zuri kulitazama. Nakubali, na ninaishia hapo.

Wanaotaka maajabu pale mtoni waanze na takataka. Wilaya yetu ya Kadutu inamwaga kwenye mifereji, mvua inazoa, mto Kawa unapeleka ziwani, na mkondo unazisukuma taratibu hadi mlango wa Ruzizi. Huko zinanasa kwenye nyavu za bwawa, maji yanapungua, mashini za umeme zinasimamishwa, na watu wanaingia majini kuzitoa kwa mikono. Kisha mji mzima unalalamikia giza huku ukitupa mfuko mwingine mferejini. Dawa yake haipigwi picha: nondo za kuchuja kwenye mifereji kabla haijafika ziwani, zisafishwe kabla ya mvua za Septemba na baada ya kila mvua kubwa, maana nondo isiyosafishwa inageuka ukuta na kuleta mafuriko kwenye nyumba za bondeni. Na daraja lenyewe linataka koleo tu: matundu ya kutolea maji yazibuliwe, mchanga uondolewe kwenye mianya ya kupanukia, kwa sababu ikijaa mchanga zege linakosa pa kwenda na linaanza kumeguka pembeni. Hiyo ni kazi ya salongo moja, siku ya usafi wa pamoja.

Ah, na mota ya kuzungusha daraja inatumia umeme. Madaraja mengi ya aina hiyo yana mpini wa akiba, watu wanausukuma wakizunguka mpaka kipande kigeuke. Bukavu, kwa umeme wetu unaokatika, watu hao wangekuwa kazini karibu kila siku. Anayependekeza aseme pia ni nani atawalipa, na kuanzia mwezi gani.