Maji ya Mbeya huchemka nyuzi 94: mwanafunzi aandike ngapi?

Chemsha maji Mbeya mjini, utumbukize kipimajoto kizima: kitasimama kwenye nyuzi 94 hivi. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na kila mita 300 unazopanda hupunguza takriban nyuzi moja kwenye kiwango cha mchemko. Gawanya 1,700 kwa 300, toa kwenye 100, unabaki na 94 na ushee. Mama anayechemsha maharage Uyole anaijua hesabu hiyo kwa gharama ya mkaa.

Mwanafunzi aliyekariri 100 ya kitabuni akiona 94 hupika data. Mjanja huandika 99, isionekane amenakili.

Walimu wanaotetea jibu la kitabu wana hoja, tena nzito. Mara nyingi jibu likienda kombo, kosa ni la mpimaji. Chukua pendulamu, yaani kipira kinachobembea, ya uzi wa mita moja. Mizunguko 20 ya kwenda na kurudi huchukua sekunde 40 na kidogo. Ukianza kuhesabu “moja” pale unapoachia kipira, umepima mizunguko 19 ukidhani ni 20, na thamani ya g, mchapuko wa kitu kinachoanguka, inaruka hadi 10.8 hivi badala ya 9.81 ya kitabuni. Hapo kanuni ndiyo inayokuumbua, na ni vizuri ikuumbue.

Wapo watakaosingizia milima: “Mwalimu, huku juu g ni tofauti.” Ni kweli, kwetu ni kama 9.78, si 9.81. Lakini tofauti hiyo, kwa mizunguko 20, ni sekunde 0.06 tu, kidole chako kwenye saa kinachelewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwinuko uleule unaoeleza nyuzi sita za maji hauwezi kueleza 10.8 ya pendulamu. Kisingizio nacho kipimwe kwa namba.

Upande wa pili, wa kuandika ulichokiona, una shahidi wake, naye alisoma Iringa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, kabla ya kuhamia Iringa, Erasto Mpemba aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, wenzake wakamcheka. Profesa Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza yeye pia. Osborne akaagiza jaribio lifanyike Dar es Salaam. Fundi wa maabara akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kuwa watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao.

Mimi ningeishia hapo kwa furaha, ila mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya nchini Uingereza, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kuzaa athari hiyo bandia.

Je, Mpemba alikosea kuandika alichokiona? Sioni hivyo. Bila ushupavu wake, hiyo sentimita isingetafutwa. Ndiyo maana naegemea upande wa 94, kwa sharti: chini yake mwanafunzi aandike ile hesabu ya 1,700 kwa 300, na aseme kipimajoto kilikuwa kwenye maji au kimegusa kitako cha sufuria.