Mwacheni binti aulize kuhusu Marko 16

Juzi kwenye mafundisho ya Biblia ya vijana, binti mmoja wa kidato cha tano aliuliza kwa nini Biblia yake imetia mabano kwenye Marko 16:9-20, mistari ya mwisho ya Injili hiyo, na chini ya ukurasa pameandikwa kwamba nakala za kale hazina mistari hiyo. Mwalimu akamwambia hilo ni pepo la mashaka. Pambio likaanzishwa, somo likaisha. Nilitoka nimekasirika, na hasira haijaniisha.

Tunawakaririsha vijana 2 Timotheo 3:16, kwamba kila Andiko lina pumzi ya Mungu, kisha tunawakemea wakilisoma Andiko kwa makini. Wakifika chuo, mwenzao bwenini akiwaambia Biblia ilibadilishwa, wanabaki kimya au wanagombana.

Na majibu yapo! Mwaka 1947 wachungaji wa mifugo wa Kibedui walikuta magombo pangoni karibu na Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Mojawapo lilikuwa Isaya, sura zote 66, lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, nakala kongwe za Kiebrania tulizozitegemea zilikuwa za karne ya 10 na ya 11. Hebu fikiria, miaka 1,000 ya kunakili kwa mkono, kwa taa ya mafuta, mzee akimwachia kijana kalamu. Wataalamu walipolinganisha, tofauti walizikuta, nyingi za tahajia, chache za maneno. Katika Isaya 53:11 gombo lile linataja mwanga, nakala za baadaye hazitaji. Lakini mtumishi wa Mungu anayesimuliwa humo ni yule yule, aliyechubuliwa kwa maovu yetu.

Agano Jipya lina nakala za Kigiriki zaidi ya 5,000, nzima na vipande. Zilitawanyika mno; hakuna mfalme wala askofu ambaye angeweza kuzikusanya zote azirekebishe zifanane. Ndiyo maana leo tunajua kwamba Sinaiticus na Vaticanus, nakala mbili za Kigiriki za karne ya 4, zinaishia Marko 16:8. Mabano yale ni kazi ya watu waaminifu. Na mstari wa 6 uko palepale: amefufuka, hayupo hapa. Wachungaji waliosoma theolojia wanayajua haya. Wayafundishe kipaimara, wasingoje vijana wayasikie kwa wanaotudhihaki.

Haya, nakubali: kunakiliwa vizuri hakuthibitishi kwamba Mungu ndiye aliyenena. Hata uongo unaweza kunakiliwa vizuri.

Mimi kinachonishika ni mikono ya watu inayoonekana humo. Luka anasema wazi kwamba alichunguza mambo tangu mwanzo ndipo akaandika. Roho hakumwondolea kazi ya kuuliza. Paulo anaagiza joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Anawaambia Wakorintho kwamba alibatiza nyumba ya Stefana, zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mtu mwingine. Amesahau, na usahaulifu wake umo katika Maandiko Matakatifu! Anayebuni kitabu cha Mungu angeufuta mstari huo kwanza. Katika barua hiyohiyo, sura ya 15, anasema Kristo aliyefufuka aliwatokea ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, na wengi wao walikuwa hai bado alipoandika. Maana yake Wakorintho waliweza kwenda kuwauliza. Mtu aliyekiri asichokikumbuka, na aliyetaja mashahidi wakiwa bado hai, mimi namwamini.