Nairobi wakati wa hofu: uende au uahirishe?

Kila Juni, mwezi wa maandamano, inapokaribia, watu hapa Mombasa huanza kuulizana swali moja. Mmoja ana miadi ya viza, mwingine anafuata mzigo Islii (Eastleigh), mtaa wa biashara, wa tatu ana mwana anayeingia chuo. Wote wanataka kujua: Nairobi kunaendeka? Huuliza vivyo hivyo balozi zinapotoa tahadhari ya mashambulizi, na uchaguzi wa Agosti 10, 2027 ukisogea watauliza kwa wingi zaidi. Wanaojibu wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema Nairobi ina mamilioni ya watu, wanalala na kuamka, wewe nani hata uogope? Na wapo wanaosema uhai hauna spea, kaa kwako.

Mimi naona makundi yote mawili yanateleza mahali pamoja. Yanaitaja hatari kama kitu kimoja, ilhali Nairobi imeonja hatari za namna mbili zisizofanana hata kidogo: ipo yenye tarehe na ipo isiyo na tarehe. Kwa ile yenye tarehe, kuahirisha safari kuna faida. Kwa ile nyingine, utaahirisha mpaka lini?

Tuanze na isiyo na tarehe. Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Agosti 7, 1998, siku ya Ijumaa, saa nne na ushei asubuhi, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita tu njia. Jengo la maduka la Westgate lilivamiwa Jumamosi, Septemba 21, 2013, mchana, watoto wakiwa kwenye shindano la upishi juu ya maegesho ya magari. Watu 67 waliuawa. Shambulio la hoteli ya DusitD2 lilikuwa Jumanne alasiri, Januari 15, 2019, na waliouawa ni 21. Tazama miaka ilivyoachana, siku zilivyotofautiana, saa zilivyotofautiana. Hakuna mpango wa safari ambao ungeweza kuziepuka siku hizo tatu isipokuwa mpango wa kutokwenda Nairobi kabisa kwa zaidi ya miaka 20.

Atasema mtu, lakini balozi huonya. Kweli huonya. Februari 2020 ubalozi wa Marekani ulitahadharisha kuhusu hoteli kubwa ya Nairobi inayopendwa na watalii na wafanyabiashara. Januari 2022 ubalozi wa Ufaransa ukaonya kwamba jiji lingeweza kushambuliwa siku chache zijazo, hasa mahali wageni wa Magharibi wanapokusanyika. Polisi wakaongeza doria, watu wakaghairi meza walizoweka hotelini, na shambulio halikutokea. Huenda onyo na doria ndivyo vilivyolizuia. Msafiri wa kawaida hana namna ya kujua, na hapo ndipo onyo linapomchosha: likitimia analia, lisipotimia analidharau linalofuata.

Lakini mwenye kudharau maonyo akumbuke mwaka 2015. Mwishoni mwa Machi Uingereza na Australia ziliwatahadharisha raia wao kuhusu Kenya, na onyo la Australia liliitaja Nairobi. Aprili 1, Rais Uhuru Kenyatta akayapinga maonyo hayo hadharani, akisema Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote. Kesho yake alfajiri, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi. Aliyeahirisha kwenda Nairobi juma lile na kubaki na ndugu zake Garissa alikuwa amefuata ushauri wa kukaa kwake.

Na hofu yenyewe inaua. Siku kumi baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko usiku katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alikufa, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi bandia, na mfanyakazi mmoja akafa alipojaribu kutoroka kupitia dirishani. Hakukuwa na gaidi yeyote.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kuyatazama maonyo kwa jicho la pembeni, kwa kuwa yametugharimu. Mei 2014 Uingereza iliwaambia raia wake waepuke kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikuwemo, wala uwanja wa ndege wa Moi. Hata hivyo kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha mamia ya wageni kwao na kufuta safari. Kampuni ya utalii ina bima na mawakili wa kufikiria. Serikali yake ikishasema usiende, mteja akiumia gharama ni ya kampuni. Kwa hiyo onyo la maneno machache London likawa barua ya kusimamishwa kazi kwa mpishi wa Diani, ambaye ufuo wake haukutajwa. Ilipofika Juni 2015 ndipo onyo hilo lilipolegezwa.

Siku zilezile Waingereza walipokuwa wakipakia mabegi, mabomu mawili yalilipuka katika soko la Gikomba, Nairobi, Ijumaa ya Mei 16, na kuua watu wasiopungua 10. Hao walikuwa wauza mitumba na wateja wao. Maonyo ya usafiri huandikiwa mtu anayeweza kuacha safari bila kulala njaa, na mnunuzi wa marobota Gikomba si mtu huyo. Kulisoma onyo la ubalozi kana kwamba umeandikiwa wewe, uliyepanda basi usiku kutoka Mwembe Tayari na pesa za mzigo kiunoni, ni kusoma barua ya mwenzio. Inaweza kuwa na habari muhimu ndani yake, lakini hesabu zake si zako.

Kosa la upande wa pili ni kutumia wageni wakubwa kama ushahidi wa usalama. Julai 2015 Obama alikuja Nairobi, Novemba akaja Papa Francis, na kila mara kulikuwa na wa kusema: kama hao wamekuja, wewe nani? Ziara ya mtu anayefungiwa barabara na kuzungukwa na maelfu ya askari haimwambii chochote abiria wa matatu ya barabara ya Tom Mboya. Labda inamwambia siku hiyo asitoke.

Sasa hatari yenye tarehe. Maandamano ya upinzani ya Machi 2023 yalikuwa ya Jumatatu na Alhamisi. Yale ya vijana ya 2024, kupinga Mswada wa Fedha, yalishika Jumanne na Alhamisi. Juni 25 mwaka huo waandamanaji waliingia Bunge na risasi zikafyatuliwa. Kesho yake Rais William Ruto akaukataa mswada. Mwaka 2025 tarehe zilijulikana majuma mapema: Juni 25, kumbukumbu ya waliouawa, na Julai 7, Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi. Kwa hatari ya namna hii, wanaosema kaa kwako wana hoja nzito, na mimi nipo nao.

Kuna hesabu moja ambayo watetezi wa safari huipenda. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka kwa takwimu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa hiyo, wanasema, basi la usiku la Mombasa–Nairobi ni hatari kuliko maandamano au gaidi yeyote. Kwa gaidi nakubali kabisa. Anayeogopa Al-Shabaab na kupanda basi linalopita malori kwenye kona ameogopa kitu kidogo akaacha kikubwa. Kwa maandamano hesabu hiyo inadanganya. Vifo vya barabarani vimesambaa mwaka mzima, lakini vya maandamano vimerundikana katika siku chache na mitaa michache. Julai 7, 2025 peke yake, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo visivyopungua 31 nchini. Ukigawa idadi hiyo kwa siku 365 inaonekana ndogo, ila wewe hutasafiri siku zote 365. Unasafiri Jumatatu hiyo au Jumatano inayofuata.

Siku hiyo pia ilionyesha kwamba ramani ya hofu tuliyo nayo kichwani imepitwa na wakati. Tumezoea kuambiwa epuka katikati ya jiji. Julai 7 polisi waliifunga mitaa ya katikati kwa vizuizi na seng'enge, maduka yakafungwa, kukawa kimya. Vurugu zilikuwa pembezoni: Kangemi, Kitengela, Ongata Rongai. Abiria wa mabasi ya usiku walikwama Kabete, kilomita kadhaa kutoka mjini, wakiwa hawaruhusiwi kuingia na hawana pa kwenda. Na huko Kiambu msichana wa miaka 12 aliuawa na risasi akiwa nyumbani kwao.

Mgeni ana udhaifu mmoja ambao mwenyeji hana. Hajui kusoma mlango wa duka. Kwenye mitaa kama Luthuli na River Road, kabla hujasikia mlio wowote, utaona milango ya chuma inashushwa nusu. Mwenye duka anasimama chini yake, mkono mmoja juu ya chuma, anatazama upande wanakokimbia wabeba mizigo. Mteja aliye ndani ataambiwa, "Bosi, maliza haraka, nafunga." Mkazi wa Nairobi akiona nusu mlango anajua ana dakika chache za kuchagua kichochoro au kuomba afungiwe ndani. Mgeni yuko nje anabishania bei ya spika, na moshi wa kutoa machozi ukifika hajui ni duka gani litamfungulia. Halafu magari yanapotea, na boda aliyekuwa akidai mia sasa anadai mia tano. Usiku mmoja zaidi wa lojing'i haukuwemo kwenye bajeti.

Kuna wasafiri ambao mizani hii yote haiwahusu kama ilivyo. Aprili 2014, wakati wa msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Islii, na wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Mfanyabiashara wa Garissa wakati ule hakuwa akiogopa bomu zaidi ya jinsi alivyoogopa askari anayekitazama kitambulisho chake na kutoamini. Mkenya mwenye jina lingine na sura nyingine angekwenda Nairobi juma hilohilo akarudi hana cha kusimulia. Ndiyo maana sipendi mtu aniulize kama Nairobi kuna usalama bila kuniambia anayekwenda ni nani.

Ukaguzi wa kila siku nao, hebu tuseme ukweli. Kwenye duka kubwa askari anakupitisha kifaa mwilini, kinalia, anakwambia karibu. Anatazama chini ya gari kwa kioo na kufungua buti yenye magunia asiyoyagusa. Huo hauniongezei wala haunipunguzii sababu ya kusafiri.

Kwa hiyo kama ni onyo la ugaidi, na shughuli yako ni ya maana, nenda. Punguza muda wa kukaa mahali pa anasa palipotajwa, usisafiri usiku kama treni ya mchana ipo, na usikubali jamaa wakufanye mwoga au shujaa. Kama ni matembezi tu, na roho itakuwa juu siku zote, baki. Raha yenye wasiwasi si raha, na hakuna anayekudai kuthibitisha kitu. Kama ni maandamano yenye tarehe, sogeza safari kwa siku mbili kila upande. Gharama ya kusogeza ni ndogo.

Ugumu utakuja 2027, kwa kuwa tarehe za uchaguzi zina tabia ya kurefuka. Mwaka 2017 waliopanga kwenda Nairobi baada ya kura ya Agosti 8 walidhani mambo yatakuwa yameisha Septemba. Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais Septemba 1, na marudio yakawa Oktoba 26. Mwaka 2022 hukumu ilitoka Septemba 5 na jiji likarudi kazini upesi. Yenye kusubirika yasubiri hukumu ya mahakama, wala si kutangazwa kwa mshindi tu. Mzigo wa biashara ufuatwe Julai mapema, tena kabla ya Saba Saba.

Anayebaki bila jibu zuri ni yule ambaye tarehe yake na tarehe ya maandamano zimegongana, mfano mwenye mahojiano ya viza ubalozini Gigiri baada ya kungoja miezi. Kwanza aombe kubadilishiwa siku. Akikataliwa, ningemshauri afike Nairobi siku mbili kabla, na akishuka treni Syokimau asilale kwa ndugu wa Kitengela kwa sababu tu ni karibu na stesheni. Avuke jiji siku hiyohiyo, atafute chumba Ruaka au Gachie, hata kama ni ghali zaidi, ili asubuhi ya mahojiano abaki na mwendo mfupi usiopita mjini. Barabara hiyo nayo inaweza kufungwa, na kwa hilo atahitaji namba ya boda wa mtaa anayejua njia za ndani, aliyekubaliana naye bei jana yake.