Ndege ikiwa chini ndiyo inakula zaidi
Mwandishi wa makala niliyosoma anasema kinachowashinda wengi kurusha ndege kwa kujifurahisha ni ada ya mafunzo. Ndugu yangu, hapo ni mlangoni tu. Sisi watatu tunamiliki ndege ndogo aina ya Cessna 172 ya mwaka 1976, na inatumaliza hata isiporuka: bima, maegesho, ukaguzi wa kila mwaka. Ukaguzi uliopita fundi alimulika tochi akatuonyesha ufa kwenye silinda ya injini, mwembamba kama unywele. Tukachangishana miezi minne, ndege imefunikwa turubai. Na usiporuka, mkono nao unakuwa mzito. Nchi nyingi zinataka uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 ndipo ubebe abiria. Mke wangu bado anasubiri zamu yake.